Kadi ya Kitanda cha Saba

4 Machi

Kaka,

Sitaanza kwa kukwambia mimi mzima, maana utaamini na kuishia hapo kusoma. Simu nimeizima. Kila anayepiga ananipa pole kwanza, halafu anauliza, "Lakini hasa ilikuwaje?" na kwa sauti yake najua ameshaamua ilikuwaje. Kwa hiyo nakuandikia kwenye kompyuta ya shemeji yako, yeye yuko jikoni anajifanya hasikii ninavyopiga vibonyezo kwa hasira.

Siku nane zilizopita, saa nane mchana, nilimchoma sindano mtoto wa kitanda cha saba. Ana mwaka mmoja na miezi miwili, kilo tisa. Dozi niliyompa ilikuwa ya mtoto wa kilo ishirini na nne. Kesho yake figo zikaanza kugoma. Namshukuru Mungu, juzi ametolewa chumba cha uangalizi maalumu, anakojoa vizuri, ananyonya, na daktari anasema hatapata kilema.

Mimi nimesimamishwa kazi. Kamati ya hospitali inakaa tarehe 27. Wakiona nilizembea, jina langu linapelekwa baraza la wauguzi na leseni inakwenda. Miaka kumi na tisa, Kaka. Sijui kazi nyingine. Hata kupika sijui, muulize shemeji yako.

Wanachosema wao: nilifungua kitanda cha kumi na mbili kwenye mfumo wa dozi wa kompyuta, ambako kweli kulikuwa na mtoto wa kilo ishirini na nne. Ninachosema mimi: nilifungua cha saba. Niliona jina la mtoto na kilo tisa kwa macho yangu haya. Nikabonyeza "kokotoa", ikaja dozi, nikavuta dawa, nikachoma.

Mfumo uliuandika wewe. Niambie ukweli: inawezekana mashine ikaonyesha tisa halafu ikahesabu kwa ishirini na nne?

Mdogo wako,
Sista (hata nyumbani siku hizi wananiita hivyo)


7 Machi

Mdogo wangu,

Pole, na pole tena. Barua yako nimeisoma nimesimama, kikombe mkononi, mpaka chai ikapoa. Mtoto kupona ndilo la kwanza. Mengine yote yana njia.

Swali lako nitalijibu kama fundi, usinichukie. Haiwezekani. Mfumo ule niliujenga kwa mikono yangu miaka kumi na moja iliyopita, na nilikueleza wakati ule: kila kitu ni kisanduku chenye mambo yake ndani na kinachojua kazi yake. Kila kitanda kina kisanduku kimoja, nilikiita kadi. Ndani kuna jina, uzito na dawa, na kadi yenyewe ndiyo inayokokotoa dozi. Uzito unaouona kwenye skrini umetoka kwenye kadi hiyo hiyo inayokokotoa. Haiwezi kusema tisa huku na ishirini na nne kule, kama wewe usivyoweza kuwa na umri wa aina mbili, ingawa umejaribu.

Tulia ukumbuke vizuri. Vitanda thelathini, nyinyi mlikuwa wangapi? Kidole huteleza. Si dhambi, na kamati nao ni watu.

Huku nako si mteremko. Kazi mpya bado niko kwenye majaribio ya miezi mitatu, na mkuu wa timu ni binti wa miaka ishirini na saba. Namwita Mwalimu, mwanzoni kwa utani, sasa kwa unyonge. Namna yao ya kuandika programu imenigeuza mwanafunzi. Hapa hakuna kubadilisha kitu. Ukishasema uzito ni tisa, ni tisa mpaka kiama. Ukitaka kumi, unatengeneza kadi mpya yenye kumi, na ile ya zamani inabaki palepale ilivyo. Kazi yote inafanywa na fankshen: unaipa kitu, inakurudishia kitu, na njiani haigusi kingine chochote. Nikauliza, sasa kazi yenyewe inafanyika lini? Timu nzima ikacheka. Samaki hukunjwa angali mbichi, mdogo wangu, na mimi nina miaka arobaini na tisa. Wakinikunja navunjika.

Kaza moyo.

Kaka yako,
Fundi


10 Machi

Kaka,

"Kidole huteleza." Nimelisoma hilo mara nne. Nililitegemea litoke kwa kamati.

Tulikuwa wawili kwa vitanda thelathini, kama umeuliza kwa nia ya kujua. Mwenzangu alikuwa amemshika mtoto wa kitanda cha ishirini aliyepatwa na degedege. Kidole changu hakikuteleza.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu, hata shemeji yako. Kanuni ya wodi inasema kila dozi ya mashine ihakikiwe kwa kalamu na karatasi kabla ya kuchoma. Mimi niliacha zamani. Naandika tu "nimehakiki" na kusaini. Unajua kwa nini? Kwa sababu mashine ni ya kaka yangu. Mwaka ule wa kwanza wenzangu walipokuwa wanaiogopa, mimi ndiye niliyewaambia: huyu bwana alinifundisha kujumlisha kwa vifuniko vya soda sakafuni kwetu, na sijawahi kumkuta amekosea. Wakaniamini, nao wakaacha.

Metroni hajui. Kamati ikijua nimekwisha, hata mashine iwe na makosa mia. Barua hii ukishaisoma ifute.

Na usinifundishe tena kukumbuka. Nilikuwepo.

Sista


19 Machi

Mdogo wangu,

Siku tisa sijakujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa na sauti ya mtu anayejitetea. Ulichoniambia kuhusu karatasi kimenikaa kifuani. Sikujua. Nilidhani natengeneza mashine ya kuwasaidia, kumbe na wewe ulikuwa unanitetea humo wodini miaka yote.

Nikusimulie ya huku. Mwalimu alinipa zoezi: chukua kitu cha zamani unachojivunia, ukiandike upya kwa njia yetu. Nilichagua nini? Mfumo wa wodi yako, nini kingine. Nilitaka wauone wajue walimwajiri nani. Siku mbili mambo yalikwenda. Unachukua orodha ya vitanda, unaipitisha kwenye fankshen, inatoka orodha nyingine ya dozi, safi, hata nikaanza kupiga mluzi. Siku ya tatu nikafika pale watoto wanapobadilishana vitanda, nikakwama kama gari kwenye tope.

Kwenye ule wa zamani nilikuwa na ujanja wangu. Kadi ni moja kwa kitanda, haitupwi. Watoto wakibadilishana, nafuta yaliyomo na kuandika mengine humo humo. Kompyuta za wakati ule zilikuwa dhaifu, na watu walinisifu kwa wepesi ule. Hapa siruhusiwi kufuta. Nikamwita Mwalimu, akatazama, akaniuliza swali moja.

Nijibu jambo hili haraka. Mchana ule, kuna mtoto yeyote aliyehamishwa kitanda? Hata kwenye kompyuta tu? Usiniulize kwa nini.

Fundi


20 Machi

Kaka,

Ndiyo. Mtoto wa kumi na mbili alibanwa kifua, daktari akataka aletwe cha saba, karibu na mtungi wa oksijeni, na wangu aende kumi na mbili. Karani wa mapokezi akawabadilisha kwenye kompyuta yake kabla hajabebwa yeyote. Daktari akaghairi, karani akawarudisha. Haikufika dakika kumi, na hakuna mtoto aliyetoka kitandani kwake. Mimi nimeyajua jana tu, nilipomuuliza.

"Usiniulize kwa nini," unamwambia mtu anayesubiri kuhukumiwa? Nakuuliza: kwa nini?

Kamati inasema itapata maelezo ya mtengenezaji wa mfumo. Niliposikia hivyo nilipumua kwa mara ya kwanza mwezi huu. Mtengenezaji si ni wewe.

Nijibu leo.

Sista


28 Machi

Kaka,

Hukujibu. Siku nane nafungua kompyuta kama mtu anayechungulia chungu, na hakuna kitu.

Jana kamati ilikaa. Watu watano, meza ndefu, feni inayopiga kelele, na mimi kwenye kiti cha peke yake. Mwenyekiti akasema wana tamko la mtengenezaji, la tarehe 8 Machi. Akalisoma taratibu, kama mtu anayesoma wosia. "Mfumo hauna namna yoyote ya kuonyesha uzito mmoja na kukokotoa kwa mwingine. Kosa la aina hii haliwezi kutoka isipokuwa kwa mtumiaji." Akalipitisha mezani, na lilipofika mbele yangu nikaiona sahihi yenye mkia mrefu. Nimeiona sahihi hiyo kwenye ripoti zangu zote za shule, baba alipokuwa safarini.

Tarehe 8. Siku moja baada ya kuniandikia pole.

Hawakujua mimi ni mdogo wako. Niliulizwa kama nina la kusema, nikasema sina. Ningesema nini? Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hivyo hawakukosea.

Kikao cha mwisho ni tarehe 16 Aprili. Kwa tamko lile, leseni yangu imeshakwenda, wamebakiza kupiga mhuri. Najua unajua kitu. Usingeuliza habari ya vitanda bure. Kama umeamua kunyamaza, niandikie neno moja tu, "nimenyamaza", nijue sina kaka nikaendelea na maisha.

Sista


29 Machi

Mdogo wangu,

Tamko ni langu. Mkuu wa kompyuta wa hospitali aliniandikia tarehe 8, nikamjibu ndani ya nusu saa bila kufungua hata ukurasa mmoja wa programu ile. Sikumwambia wewe ni ndugu yangu. Nilijidanganya kwamba nafanya hivyo kwa haki, nisimpendelee mtu. Nililinda jina langu.

Swali la Mwalimu lilikuwa hili: "Yule aliyekuwa ameshaifungua kadi kabla hujaibadilisha, sasa anasoma nini?" Nikajibu kwa kujiamini, anasoma mambo mapya, ndio uzuri wake. Halafu nikasikia nilichosema.

Ilikuwa hivi. Ulifungua kadi ya kitanda cha saba. Skrini ikachora jina na kilo tisa, ikabaki imechora hivyo. Karani akabadilisha vitanda. Kadi uliyokuwa umeishika ikafutwa ndani na kuandikwa ishirini na nne, na skrini haikukwambia. Ukabonyeza. Kadi ikakokotoa kwa uzito ilionao. Karani akarudisha vitanda, ikaandikwa tisa tena, na ile ishirini na nne haikubaki popote duniani isipokuwa kwenye bomba lako la sindano. Uliona tisa. Ulisema kweli tangu siku ya kwanza, neno kwa neno, na mimi nikakwambia kidole huteleza.

Ujanja ule niliousifia ndio uliomchoma mtoto. Kwa namna ninayojifunza huku, kadi uliyoifungua ingebaki na tisa yake hata karani angebadilisha vitanda mara hamsini. Nilikuwa nawacheka.

Sasa sehemu mbaya. Nimejua tangu tarehe 20. Nilipata jibu lako, nikawasha programu ya zamani kwenye kompyuta yangu, nikafanya kama wewe na karani mlivyofanya, na mara ya tatu kosa likatokea mbele yangu. Siku tisa nimekaa nalo. Mkataba wangu unaamuliwa Aprili. Nani atamwajiri fundi aliyekaribia kuua mtoto na kumtupia kosa dada yake? Niliogopa. Sina neno zuri zaidi ya hilo. Mficha uchi hazai, nalijua, na bado nimeficha.

Nitakuja tarehe 16 niseme mwenyewe. Ndiyo siku niliyopangiwa kutetea kazi yangu ya majaribio. Leo asubuhi nimemweleza Mwalimu yote. Hakunipa pole. Alisema, "Nenda. Ukirudi tutaongea."

Nisamehe.

Kaka yako


30 Machi

Siku tisa.

Sizungumzii yangu. Siku hizo tisa wodi ilikuwa inautumia mfumo wako, vitanda thelathini, mara tatu kwa siku. Ulijua, ukala, ukalala.

Barua yako nimeichapa, nimekwenda nayo kwa metroni asubuhi hii hii, nyumbani kwake. Ameisoma mlangoni hata hajanikaribisha. Mfumo umezimwa kabla ya dozi ya saa nane. Wauguzi wanapiga hesabu kwa kalamu na kunung'unika, waache wanung'unike.

Halafu akaniuliza swali nililopaswa kukuuliza mimi: "Kaka yako aliuweka wapi kwingine?" Nikamwambia nitamjibu leo. Sijui.

Wapi kwingine, Kaka? Usiniombe msamaha. Jibu hilo.


30 Machi, saa kumi jioni

Hospitali nne. Nilikuwa sijawaza hata moja, nilikuwa nawaza mkataba. Nimewapigia metroni wote wanne mmoja mmoja. Watatu wamezima nikiwa bado kwenye simu. Wa nne alinitukana kwanza, akazima baadaye. Anayo haki. Kisha nimewaandikia, na nakala yako ni hii:

"Mimi ndiye niliyeuandika mfumo wa dozi mnaoutumia. Una kosa, na kosa ni langu. Watoto wakibadilishwa vitanda wakati muuguzi amefungua kadi, skrini itaonyesha uzito wa mtoto mmoja na dozi itakuwa ya mwingine. Zimeni leo. Pigeni hesabu kwa kalamu. Pitieni kila siku mliyobadilisha vitanda na mwangalie kila mtoto aliyepata dawa saa hiyo. Muuguzi aliyeligundua alisema kweli na hakusikilizwa, na mtu wa kwanza kutomsikiliza ni mimi."

Tarehe 16 nakuja.


18 Aprili

Kaka,

Uliondoka haraka, na pale ukumbini hatukuweza kuongea, kwa hiyo naandika. Yale ya kukushukuru nayasema kwanza. Ulipoiweka kompyuta yako mbele yao, ukamkalisha yule mkuu wa kompyuta awe karani na mwenyekiti awe mimi, na mwenyekiti akabonyeza na kupata dozi ya ishirini na nne huku skrini inasema tisa, aliondoa mkono kwenye meza kama aliyeguswa na moto. Mara tatu walirudia. Uliposema, "Tamko langu la tarehe 8 lilikuwa la uongo, niliandika bila kuangalia, na huyu ni mdogo wangu," niliinamisha kichwa nikalia, sikujali nani ananiona.

Halafu akakuuliza lile swali. "Muuguzi ameandika 'nimehakiki'. Wewe ni ndugu yake. Aliwahi kukwambia kama alipiga hesabu kwa karatasi?"

Na wewe ukasema, "Ndiyo. Aliniambia alipiga."

Hukusita hata kidogo. Mwenyekiti akakuamini, kwa sababu mtu aliyekwisha kujishtaki hivyo anaaminika kwa lolote. Niliona akifunga jalada. Ningekaa kimya nusu dakika, sasa hivi ningekuwa nimevaa sare.

Ulikuwa unafuta tena, Kaka. Safari hii kwa kunipenda, lakini ulikuwa unafuta kilichokuwepo na kuandika kingine humo humo, na watu wanatazama skrini hawajui. Nikasimama. Nikawaambia sikupiga hesabu, siku ile wala miaka mingi kabla yake, na wenzangu niliwaambukiza mimi. Niliona uso wako. Usidhani sikuuona.

Miezi sita. Leseni inakaa kwao miezi sita, kisha nitafanya mtihani wa hesabu za dozi kwa kalamu mbele ya metroni, nikifaulu narudi wodini. Shemeji yako anasema nina wazimu. Anasema hivyo huku ananipikia, basi namwacha.

Nimekukasirikia kwa uongo wa kwanza. Wa pili unaniuma zaidi, kwa sababu kwa nusu dakika hiyo niliutaka.

Mama wa mtoto alikuwa nje kwenye benchi, mtoto mapajani. Hakuna aliyekuwa amemweleza kitu chochote tangu mwezi wa pili, wamemwambia tu "tatizo la dawa". Nikakaa pembeni yake nikamweleza yote: ya mashine, ya karani, ya kaka yangu, na ya kalamu ambayo sikuishika. Nilikuwa tayari kwa kofi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza. Akaanza kutafuta kitambaa kwenye mkoba wake, hakipati, mtoto anajinyonganyonga, mwisho akasema, "Nishikie kidogo."

Nikamshika. Mama alikata kona kuelekea maliwatoni na mkoba wake, akatuacha wawili kwenye benchi. Alikawia. Mikono iliniuma, na sikumweka chini.

Mdogo wako